Mashada ya Atupele

Nailoni ikipashwa moto juu ya mkaa hutoa harufu kali inayoingia kooni na kukaa. Mwaka niliotimiza miaka kumi na moja, nyumba yetu pale Mpuguso ilinuka hivyo mvua nzima, na mvua ya Rungwe haina haraka ya kukatika. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka ya Tukuyu yaliyozoea kuwa matupu yalikuwa yamejaa, na jalala la nyuma ya soko nalo likajaa: mifuko ya rangi zote, makaratasi ya biskuti, plastiki za marobota ya mitumba. Dada yangu Atupele, aliyekuwa amerudi kutoka Dar es Salaam amekonda hata kanga haikai kiunoni, alinituma huko kila nilipotoka shule. Nilichagua, nikaosha mtoni, nikaanika. Yeye alikata petali kwa mkasi wa mama, akazipasha moto kidogo zijikunje, kisha akazishonea kwenye duara la fito lililozungushiwa maganda ya mgomba. Mfuko wa bluu uligeuka ua ambalo sijaliona likiota popote, lakini ukilitazama unaamini lipo mahali.

Misiba ilikuwa haipumziki. Watu walikuja kuomba mashada, wakaleta mahindi au maharage, na Atupele, asiyeweza tena kushika jembe, akawa na kazi. Nakumbuka jinsi alivyokaa wima siku hizo, akiuliza marehemu alipenda rangi gani. Kisha ikajulikana anaumwa nini. Hakuna aliyetamka UKIMWI mbele yetu. Walisema tu ugonjwa wa siku hizi, na wakaacha kuja. Shada moja lilirudishwa, likaachwa kwenye matope ya uani bila hodi.

Siku moja mjane kutoka Kisondela alinikuta njiani nimebeba shada jekundu. Akalishika, akaliachia haraka, akaniuliza limetengenezwa na nani. Nikasema mimi. Mama alikuwa nyuma yangu, akanyamaza. Tangu hapo mashada yakaanza kuondoka tena. Habari zikafika shuleni, mwalimu akanisimamisha mbele ya darasa nipigiwe makofi, na sitadanganya, nilifurahi mno. Niliogopa tu siku Atupele atakaposikia. Aliposikia hakunigombeza. Aliendelea kushona kwa muda, akasema, "Sawa, mdogo wangu. Ila ujifunze basi, wasije wakakuomba utengeneze mbele yao." Akanifundisha kwa uvumilivu ambao sikuustahili. Vidole vyangu vilikuwa vizito, na maua yangu yote yalitoka kama kabichi.

Shada lake la mwisho lilikuwa jeupe, limechanganywa na karatasi zinazong'aa tulizookota kwenye takataka za kiwanda cha chai. Hakusema ni la nani na sisi hatukuuliza. Alilimaliza Jumanne, akafa Ijumaa. Tulimzika kando ya nyumba, kwenye migomba, na mzee wa kanisa akaliinua lile shada ili watu walione. "Hili amelitengeneza mdogo wake," akasema, "kwa upendo wake kwa dada yake." Watu wakanigeukia. Mama alitazama chini. Nafasi ya kusema nilikuwa nayo, tena ya kutosha, maana mzee alitulia akinisubiri. Sikusema. Waombolezaji wakanipa mkono mmoja baada ya mwingine, wakisema ndaga, kunishukuru.

Siku hizi mashada Tukuyu yananunuliwa dukani, yametoka mbali na yote yanafanana. Jirani yangu muuza parachichi anaishi na ugonjwa uleule. Asubuhi humeza kidonge chake mbele ya wateja, akafuta mdomo, akawachagulia yaliyoiva, nao huyapokea mkononi mwake huku wakimtania kuhusu Simba na Yanga. Namfurahia, na palepale moyo unaniuma. Dada yangu alikufa kwa kukosa kidonge kile, na hilo sikuwa na uwezo nalo. Kazi yake ilikuwa na jina lake, na jina hilo nilimnyang'anya mimi.