Siku Gari la Aabo Lilipovishwa Dera

Sisi tuliokulia Garissa kabla ya viyoyozi tunajua jambo ambalo watoto wa leo hawaliamini: zamani gari lilikuwa linakuangukia huku umekaa ndani yake. Joto la mji wetu liliyeyusha gundi ya dari, kitambaa kikaachia kidogo kidogo, na mwisho wake kikamkalia dereva kichwani kama kilemba cha mtu mwingine.

Aabo, baba yetu, alikuwa na stesheni wagoni ya rangi ya maziwa lala. Aliiendesha kwa mkono mmoja. Ule mwingine ulishikilia dari. Kila abiria alishika upande wake. Hooyo, mama yetu, alijaribu kukibana kitambaa kwa pini zake za shungi, lakini barabara zetu mnazijua: shimo la kwanza, pini mapajani, shimo la pili, Aabo anamtaja Mungu. Kwetu watoto ilikuwa anasa. Tulilala chali nyuma juu ya magunia ya sukari, tukatoboa matundu kwa vidole, na vumbi la sponji kuukuu likatumwagikia. Tulifika madrasa tukiwa wa manjano kama tumeungwa bizari.

Ikaja harusi ya Eeddo Halima, dada mdogo wa Aabo. Upande wa bwana harusi walituma ujumbe, kwa adabu zote, kwamba wao watakodi gari la kumchukua bibi harusi, "maana la kwenu tumelisikia."

Tumelisikia! Aabo aliinuka mkekani. "Dada yangu atatoka hapa kwa gari langu, ama hatoki kabisa."

Eeddo, ambaye alikuwa amemngoja mchumba huyo kuliko sisi tulivyongoja mvua, alimtazama kaka yake kwa jicho lililosema kwamba mmoja wao atatoka, na huenda asiwe yeye.

Fundi wa siti alitaja bei. Aabo akamwuliza, "Hii bei ni ya dari, ama na gari lingine chini yake?" Akarudi nyumbani, akakoroga uji wa unga wa ngano, kama ule tuliobandikia picha shuleni, akaupaka juu bila hata kupangusa vumbi la sponji. Kitambaa kikashika. Akalizunguka gari akijisifu, akaacha milango wazi pakauke.

Sasa, mbuzi wa Garissa amelelewa kwa katoni na mabango ya kampeni. Uji kwake ni pilau. Asubuhi tulimkuta mmoja amekaa kiti cha mbele, pindo la dari likimning'inia mdomoni, akitutazama kama sisi ndio tuliochelewa kupanda. Na harusi ilikuwa kesho yake.

Hooyo akanishika mkono tukaenda sokoni. Alikuwa na kanuni yake: mwenye duka asijue kitambaa ni cha gari, kwa sababu akisikia gari anaona tajiri. Akachagua kitambaa cha dera, kile chepesi cha maua.

"Ni cha nani, mama?" muuzaji akauliza huku akipima.

"Cha mgonjwa. Yuko tu nyumbani."

"Mita zote hizi? Mgonjwa ni mpana, mashallah."

"Ni mpana, na ni mzee. Punguza."

"Anaumwa nini?"

"Kichwa."

Akapunguza, na akamwombea mgonjwa dua juu yake. Hooyo akaitikia amina bila kupepesa. Njiani aliniambia hakusema uongo hata neno moja. Nimehesabu mara mbili, na kweli hakusema.

Kitambaa tukawa nacho, gundi hatuna. Ayeeyo, bibi yetu, alikuwa amefika kutoka Kotile na mzigo wa fito za kupinda, za kumjengea bibi harusi aqal, ile nyumba ya mviringo ya wafugaji ambayo hujengwa na wanawake na kufunikwa kwa mikeka. Alipoambiwa bwana harusi ana nyumba ya mabati, alinuna, na alikuwa bado amenuna. Akaingiza kichwa garini, akatazama juu.

"Nyinyi mnajenga kwa uji?"

Wakaingia akina mama wote. Wakapangusa vumbi, wakatandaza maua juu, kisha wakapinda fito kutoka mlango huu hadi ule, ncha zikajibana zenyewe pembeni na kukikaza kitambaa kwenye bati bila tone la gundi. Eeddo alikaa nje mkekani, mikono juu, hina haijakauka, hawezi kugusa kitu, kazi yake amri tu.

"Huko nyuma panalegea! Si hapo, huko!"

"Bibi harusi huwa na haya," Ayeeyo akamjibu kutoka ndani.

"Haya nitakuwa nayo kesho, dari ikishika!"

Aabo aliambiwa akae mbali, yeye na mbuzi. Mwisho wakafukiza uunsi, ule udi wetu, kama wanavyofukiza chumba cha maharusi.

Kesho yake wakaja wakwe. Shangazi wa bwana harusi alitanguliza kichwa garini ili aone kwa macho alichokuwa amekisikia.

"Hii mlinunua Nairobi?"

"Tuliagiza," Hooyo akasema.

Tukaondoka. Shimo la kwanza, hakuna aliyeinua mkono. Aabo alishika usukani kwa mikono miwili, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nizaliwe. Eeddo aliinua uso ili machozi yasimwage wanja, na kwa kuwa bibi harusi ametazama juu, sote tukatazama juu, maua yakitikisika, wanawake wakiimba. Ayeeyo pekee alitazama mbele, ametulia.

"Mabati, mabati," akasema. "Nimemtoa kwenye aqal, wapende wasipende."

Siku hizi vijana wetu wana magari ya maana. Mtoto wa dada yangu amelipeleka lake Nairobi, dari ikatiwa taa ndogo ndogo mfano wa nyota. Bei sikumwuliza, nina presha. Juzi alinipakia pamoja na wenzake, akaziwasha.

"Abti, umeziona?" akaniuliza mimi mjomba wake.

Nimeziona. Ni nzuri, wallahi, na hazimwagi vumbi. Tulikuwa watano humo ndani, na aliyetazama juu ni mimi peke yangu. Wale wengine walikuwa wameinamia simu, dereva akiwemo.