Kisu Nilichokiita Nakala

Mimi ni fundi wa grili za madirisha hapa ugenini, mtaa wa Malvern, na chuma nakijua. Ndiyo maana nilianza kukusanya visu vya mahandaki, vile ambavyo askari wa vita ya kwanza ya wazungu walijitengenezea wenyewe. Walikata singe za bunduki zao, au walinoa vigingi vya seng'enge, wapate kitu kifupi cha kumuulia mtu aliye karibu.

Kwenye soko la Jumapili wauzaji wengi ni waongo wa kutupwa. Watakuonyesha mpini wenye alama kumi na mbili, eti kila alama ni Mjerumani mmoja. Cheka, nenda zako, zimechongwa juzijuzi. Kutu ya kughushi kwa asidi ni nyekundu na inatoka na kidole. Ya miaka mia ni nyeusi, imeingia ndani. Tena mpini halisi umelika upande mmoja tu, pale gumba lilipokaa.

Mwaka 2017 nikapata halisi. Nilifurahi kupita kiasi, nikakileta nyumbani mbio. Eish, mjinga mimi.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za kwanza zilikuwa zimetoka. Na kwetu Bukavu mama yake alimlea akijua kwamba chuma kilichokunywa damu ya mtu hakilali nyumba moja na mimba. Akasimama mlangoni, hakuingia.

"Papa, hii kisu iliua mtu?" akauliza. Papa ndivyo anavyoniita mimi mumewe.

Ningesema kweli, angekitupa siku ileile. "Nakala tu," nikasema. "Wanazitoa kiwandani." Akashusha pumzi. Nikakiweka juu ya kabati.

Jumamosi iliyofuata nilirudi kutoka kazini, nikamkuta jikoni anakatakata vitunguu kwa kisu hicho. Akaniambia chetu kimekuwa butu, na hiki changu cha uongo kinakata vizuri, kwa nini kikae bure? Alikuwa amejikata kidogo. Akanyonya kidole, akaendelea.

Niliogopa. Nikavuta kiti, nikakaa mezani. Akapakua samaki, nikala, naye akala na kuongeza.

Asubuhi alikaa ukingoni mwa kitanda, mkono tumboni. Akasema mtoto hajacheza tangu jana. Kisha akaniangalia.

"Papa, kuko kitu ulinificha?"

Nikamwambia hakuna, avae viatu twende kliniki.