Darasa la Mwalimu Kelele

Wifi yangu anafundisha watoto viziwi, na shule nzima haina darasa lenye kelele kama lake. Nikisema hivyo watu hucheka, maana wanadhani mtoto asiyesikia ni mtoto mkimya. Waje wasikilize. Mtoto asiyesikia hajui kwamba kiti kikiburutwa kinalia, wala hana habari kwamba kicheko chake kimevuka ukuta na kumkatiza mwalimu wa hesabu katikati ya kugawanya. Akitaka kumwita mwenzake anagonga meza mpaka mwenzake aisikie kwenye viwiko. Walimu wakambandika wifi jina la Mwalimu Kelele, naye akalipokea bila kinyongo. "Mwenye kelele hana neno," huwaambia. "Waogopeni wanaonuna."

Ameolewa na kaka yangu, na wifi ni mtu wa kupendwa kwa masharti. Siku alipoletwa nyumbani nilimtafutia kasoro, nikaipata upesi: hawezi kupika na kuongea kwa wakati mmoja. Miaka ya kusema na watoto kwa ishara imemzoesha mikono kufuata mdomo. Ukimuuliza habari za shuleni anaweka mwiko chini ili ajibu vizuri, na mboga inaungua. Wakigombana, kaka yangu anasemwa mara mbili, kwa sauti na kwa vidole. Dawa yake ni kufumba macho, eti angalau nusu ya maneno yampite.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule hiyo, na binti yangu anasoma hapo darasa la tano. Yeye na wenzake walijifunza ishara uwanjani, wakicheza na watoto wa darasa la wifi, wala hakuna aliyewalazimisha. Waligundua kwamba ukijua ishara unaweza kupiga soga darasani na mwalimu akasifu utulivu wenu. Mwenziwe mkubwa ni msichana tunayemwita Pilipili, mdogo wa umbo, kiziwi tangu kuzaliwa, mtundu kupita kiasi. Mama yake anauza nyanya sokoni.

Basi muhula uliopita wazazi tuliitwa mkutanoni. Afisa elimu, mama mmoja mwenye sauti ya upole na viatu vya kung'aa, alitueleza kwamba utaratibu unabadilika. Watoto wote watasoma pamoja, viziwi na wanaosikia, na chumba cha wifi kitafungwa muhula ukiisha. Mwalimu wake atahamishiwa shule yenye upungufu wa walimu. Aliyasema vizuri, akataja haki ya mtoto kuketi na wenzake, na mimi nikajikuta natikisa kichwa kukubali kabla sijafikiri.

Penye wengi pana mengi. Baba mmoja akasema watoto wetu watacheleweshwa. Mwingine akasema afadhali, kelele zitapungua. Bibi mmoja aliyelea mjukuu kiziwi akasema usiache mbachao kwa msala upitao, akaketi. Kisha akainuka muuza nyanya. Huyo hazungumzi mikutanoni.

"Mimi sina maneno mengi," alisema. "Mwalimu huyu akiondoka, mwanangu hatakuwa na mtu wa kusema naye humu. Nitamtoa. Atakaa na mimi sokoni, apange nyanya."

Wifi alikuwa ameketi mbele yangu. Niliona mabega yake yakishuka. Kumbe mtu unaweza kumcheka wifi yako mwaka mzima, halafu ukamwona mgongo tu ukataka kulia. Alisimama akasema, mikono nayo ikisema, "Mheshimiwa, sipingi wakae na wenzao. Hata mimi nimechoka kuwafungia chumba cha peke yao. Ninachopinga ni wakae humo kama madawati. Kumweka mtoto darasani si kumfundisha."

Afisa hakukasirika. Alisema atakuja Alhamisi aone kwa macho yake. Watoto wa wifi wakae darasa la tano kwa somo moja, mwalimu wa somo afundishe kama kawaida, na wifi aketi nyuma na mikono yake mapajani. Wazazi wanaotaka waje watazame.

"Mikono mapajani," kaka yangu alirudia nyumbani jioni ile. "Bora angekwambia usipumue."

Alhamisi tulijazana madirishani. Mimi nilisimama na muuza nyanya, aliyekuwa bado na aproni yake ya sokoni. Somo lilikuwa sayansi, mvua inavyotokea. Mwalimu wa sayansi ni kijana mzuri, anapenda kazi yake, ila ana tabia moja ya walimu wote: anaongea na ubao. Akachora bahari, akachora jua, akachora mishale, akaeleza yote akiwa ametupa kisogo. Watoto wa wifi wakamtazama mgongo. Wifi akaikalia mikono yake. Sisemi kwa mfano, aliikalia kabisa.

Ndipo binti yangu akaanza. Aliinua mkono kidogo pembeni ya dawati, akamtafsiria Pilipili. Jirani yake akafanya vivyo hivyo kwa mwingine. Mara darasa zima vidole vinakwenda, mwalimu hana habari, anasifu utulivu. Tatizo ni kwamba wale watoto walikuwa na ishara za uwanjani tu. Za mpira wanazo, za kugombana na kununa wanazo tele. Ya mvuke hawana. Wakatumia walizokuwa nazo.

Afisa alikuwa ameona. Mwalimu alipogeuka, afisa akaomba kumuuliza Pilipili swali: mvua inatoka wapi? Wifi akaruhusiwa kutoa mikono yake ili aulize, kisha atamke jibu. Pilipili akasimama, akaivuta sketi yake ikae sawa (nilimshonea mimi, imempwaya kidogo), akajibu kwa mikono miwili na uso mzima. Wifi akatamka, akijikaza asicheke:

"Maji yaligombana na jua. Jua likawa kali mno, maji yakakimbilia juu, yakajificha mawinguni. Huko kuna baridi. Yakakumbuka nyumbani, yakalia. Sasa yamerudi, lakini jua bado halijaomba radhi."

Darasa likalipuka. Mwalimu wa sayansi aliegemea ubao, shati likachafuka chaki. Afisa alitoa leso akafuta macho. Mimi nilicheka mpaka nikashikilia nondo za dirisha, na hapo muuza nyanya akanibana mkono kwa nguvu.

"Wanamcheka mwanangu?"

"Hawamcheki yeye," nikamwambia. "Wanacheka alichokisema." Maneno ya wifi yalikuwa yamempita, nikamrudia ugomvi wa maji na jua, kila neno. Alisikiliza bila kutabasamu, macho yako kwa mwanawe.

Furaha ile karibu ituponze. Afisa alikunja leso yake akasema, "Basi hawa wanasaidiana wenyewe. Nadhani wataweza." Mtoto wangu mwenyewe alikuwa amemfukuzisha kazi mkaza mjomba wake kwa wema wake.

Wifi hakubishana. Alisema, "Naomba nimuulize moja tu." Akamuuliza Pilipili kwa ishara, akitutamkia na sisi: sufuria ya maji iko jikoni, imefunikwa, inachemka. Ukifunua kifuniko unakuta matone chini yake. Yametoka wapi?

Pilipili alifikiri. Akajibu kwamba hayo ni maji mengine. Jua haliingii jikoni, kwa hiyo hapakuwa na ugomvi.

Hakuna aliyecheka safari hii, maana jibu lilikuwa na akili na lilikuwa si kweli. Afisa akamtazama wifi. "Endelea," akasema.

Wifi akaenda mbele. Nilikuwa sijawahi kumwona akifundisha, nami namjua miaka yote hii kwa mboga zake zilizoungua. Alisema kwa mdomo na kwa mikono. Maji yakapata joto kati ya viganja vyake, yakapanda, yakakutana na ubaridi, yakashikana tone kwa tone, yakaanguka. Aliwapa ishara ya mvuke, wote, viziwi na wanaosikia, wakairudia pamoja. Pilipili akajipiga kofi la paji la uso, akasema kwa mikono kwamba kumbe moto wa jikoni na jua ni ndugu. Na nyuma ya darasa watoto watatu wanaosikia vizuri kabisa wakasema, "Aaa." Mmoja alikuwa binti yangu. Mwalimu wa sayansi naye alikuwa akijifunza ile ishara, akikosea kidole gumba.

Afisa alisema pale pale, mbele yetu sote. Watoto watakaa na wenzao, na wifi hahami. Ataingia nao darasani, na walimu wengine watajifunza ishara kwake. Wifi akasema kidole kimoja hakivunji chawa, anahitaji mwenzake. Afisa akasema ataomba. Huyo wa pili bado tunamngoja, sikufichi, na wifi humpigia afisa simu kila Jumatatu. Lakini siku ile tulipiga makofi, na watoto wa wifi wakapunga mikono hewani, maana ndivyo wanavyopiga makofi wao.

Watu wakaanza kutawanyika. Muuza nyanya akaingia darasani, akasimama mbele ya wifi.

"Mimi na yeye nyumbani tuna ishara nne tu, njoo, kula, lala na acha," alisema. "Basi. Miaka yote. Sikujua kama ni mchekeshaji."

"Kila siku," wifi akamwambia. "Hakuna anayemfikia."

Mama akamtazama mwanawe. Kisha akauliza, "Nikitaka kumwambia asimulie tena, nafanyaje?"

Wifi akamwonyesha, mara moja, mara mbili, akamrekebisha kiwiko. Muuza nyanya akavua aproni, akajibana kwenye kidawati kile kidogo karibu na mwanawe, akainua mikono yake yenye madoa ya nyanya, akaifanya ile ishara polepole. Pilipili akamtazama mama yake, akaitazama ile mikono, kisha akapanda juu ya kiti ili aonekane vizuri, akaanza upya kabisa tangu maji yalipogombana na jua.