Udongo wa Mashamba Matano

Nitakayosema hapa hamtayaamini, wala siwalaumu, maana hata mimi siku ya kwanza kusimuliwa niliomba nirudiwe. Lakini ni kweli tupu, kama nilivyo mkweli mwenyewe. Muulizeni yeyote, isipokuwa mke wangu.

Binti wa dada yangu, tuliyemwita Taratibu tangu hajang'oa meno ya utoto, alikwenda nchi ya watu kusomea udongo. Ndiyo, udongo. Mama yake aliposikia alishika kiuno: "Miaka yote hii nakuogesha, leo unapanda ndege kufuata matope?" Mimi ndiye niliyemtetea. Niliishia darasa la saba kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa na la kunifundisha, kwa hiyo thamani ya elimu naijua. Nikampa wosia mmoja tu: "Mpwa wangu, popote uendapo, usimwombe mtu kitu kabla hujamjulia hali." Wosia huo nusura umponze.

Mwisho wa mwaka wa kwanza chuo kikatoa mtihani wa nje. Kila mwanafunzi alipangiwa eneo asilolijua. Aende, achukue udongo katika mashamba matano, kila mwenye shamba atie saini, na mifuko yote iwe juu ya meza ya mwalimu Ijumaa kabla ya saa kumi alasiri. Ukichelewa, mwaka umekwisha, na mgeni kama yeye harudii darasa, anarudi kwao. Mwalimu mwenyewe alikuwa mwembamba, mkavu, kanyooka, wanafunzi wakimwita Rula.

Alhamisi asubuhi Taratibu akapanda treni kwenda bondeni alikopangiwa, sepetu mkononi, kiti chake kina namba, behewa la sita. Sasa treni za kule hukatwa. Zikifika njia panda, mabehewa ya mbele huenda zake huku na ya nyuma kule, kama mjusi na mkia wake. Hilo aliambiwa, na alilikumbuka vizuri, mpaka alipoingia bibi mmoja mwenye mkongojo. Taratibu akainuka kama aliyekalia msumari.

"Keti, bibi."

"Nimekuambia nimechoka?"

"Hapana, bibi. Keti tu."

"Nina miaka sitini na miwili. Mguu huu niliutegua nikicheza tenisi."

"Pole, bibi. Basi keti upone, urudi uwanjani."

Behewa zima likawageukia. Bibi akaketi ili yaishe. Taratibu angeweza kusimama pale pale, lakini kwetu ukimpisha mtu mzima kiti humsimamii kichwani kama unayesubiri ashuke. Akasogea mbele. La tano limejaa, la nne limejaa, la tatu vivyo hivyo. La pili akapata nafasi, akajipongeza kwa adabu zake mpaka usingizi ukampitia. Alipozinduka, bonde halipo. Kulia mlima, kushoto mlima, na treni imekuwa fupi kama suruali ya mwaka juzi.

Kituo cha mwisho alikuwapo mama wa tiketi peke yake, anafuma sweta.

"Treni ya kurudi ni saa ngapi, mama?"

"Kesho saa sita mchana."

"Na ya bondeni?"

"Ya bondeni ndiyo hiyo iliyokuacha, mwanangu."

Taratibu akakaa kwenye ngazi, akalia kidogo, kisha akaona machozi hayapimwi maabara. Bora apeleke udongo wa mlimani kuliko mikono mitupu. Mama wa tiketi akatikisa kichwa. "Watu wa huku hawasaini kitu. Wa chuoni wote wanafukuzwa."

Shamba la kwanza lilikuwa la mzee mwenye mbwa wawili na hasira za kuwatosha wote watatu. Mwingine angetanguliza karatasi. Yeye alisimama langoni akabisha, kisha kwa lugha yao ya kuokoteza akaanza: mzee umeamkaje, nyumbani hawajambo, mgongo je, ng'ombe je, hawa mbwa wamekula? Mzee akageuka nyuma kuona nani anaulizwa. Habari za mgongo wake hakuna aliyewahi kumwuliza na kungoja jibu, hata daktari alikuwa akitazama saa. Akaanza kujibu.

Ndugu zangu, alijibu kwa saa mbili. Mgongo peke yake ulikula dakika arobaini. Na mtoto aliyelelewa atamkatizaje mtu mzima ilhali kamwuliza mwenyewe? Anaitikia tu, "pole mzee, pole sana," huku jua linakwenda zake. Mwishowe mzee akatia saini, akachimba udongo mwenyewe, na mayai sita juu. Shamba la pili lilikuwa la mume na mke wasiosemezana, ikabidi awajulie hali kila mmoja mlango wake. Siku ikaishia hapo, mifuko miwili, akalala kwa mama wa tiketi.

Ijumaa, la tatu na la nne yalikwenda mbio, maana wenyewe walikuwa wamekaukiwa sauti kwa mafua. La tano la kikongwe mfuga nyuki, na saa ni sita kasorobo. Njiani Taratibu akaapa: leo adabu nimeziacha kituoni. Akafika, akafungua kinywa aombe udongo, ulimi ukagoma.

"Bibi, umeamkaje?"

"Nianzie wapi?" kikongwe akasema, akivuta kigoda.

"Bibi, nakuomba uanzie karibu."

"Nilizaliwa mwaka wa mvua nyingi..."

Ikabidi amwage yote: treni, Rula, safari ya kurudishwa kwao. Kikongwe hakunyamaza, ila alijaza mfuko udongo, akawasha trekta. Akaendesha kwa mkono mmoja, akasaini kwa mwingine, na walipofika kituoni ndiyo kwanza alikuwa ameolewa.

"Nitarudi kusikia yaliyobaki," Taratibu akasema dirishani.

"Uje asubuhi. Mume wa pili ni habari ndefu."

Saa kumi kasoro dakika nne mifuko ikatua mezani. Rula akaipekua.

"Hili silo eneo nililokupangia."

"Ndiyo, mwalimu. Nilimpisha bibi kiti."

Hakuuliza zaidi, macho yalikwisha nasa saini ya kwanza. "Huyu amekusainia?"

"Na mayai akanipa."

"Mimi alinifungulia mbwa. Mara tatu. Ulimwambia nini?"

"Nilimjulia hali, mwalimu."

"Halafu?"

"Halafu nikasikiliza."

Rula akafuta miwani yake muda mrefu. Akamkata alama za kukosea eneo bila huruma, akambakizia hamsini na moja, na ya kufaulu ni hamsini. Kisha akasema Jumatatu watakwenda wote milimani, na yeye Taratibu ndiye atakayetangulia langoni.

Habari ikaenea. Walimu wote mia nne wakamiminika uani, mkuu wa chuo akavua kofia, na dereva wa treni ile akaamriwa asikate behewa hata moja kabla ya kupita kiti kwa kiti kuuliza kila bibi amelalaje, naye Taratibu akanyanyuliwa juu juu mabegani mwa wanafunzi mpaka kwenye...

"Mjomba," anasema Taratibu, aliyekuja likizo na kumbe yuko nyuma ya kiti changu na kikombe chake cha chai, anasoma ninayoandika, "nilirudi bwenini kwa miguu. Na mkuu wa chuo hana kofia."