Mwaka Ambao Mzee Alipata Mwili

Mwaka wa korona, sisi watu wa Soy tulinona. Msinicheke, ni ukweli mtupu. Hoteli niliyokuwa nikipikia mjini Eldoret ilifungwa, nikarudi nyumbani na begi moja. Nikakuta maziwa hayana mnunuzi, waru, yaani viazi, zimeanza kuota ghalani, na kanisa lina kufuli. Kazi iliyobaki ilikuwa kupika na kula. Asubuhi chai nzito na mkate wa dukani kwetu, mchana githeri ya mahindi na maharagwe, jioni chapati, halafu maziwa tena, maana kuyamwaga ni dhambi.

Aliyetushinda wote ni baba yangu. Shingo ilipotea, shati likakataa vifungo. Mama alifurahi jamani! Kwetu mwanamume akipata mwili, sifa ni za bibi yake. Majirani walimpigia kelele kutoka ng'ambo ya ua, "Mama, Mzee unamlisha nini?" Naye anacheka mpaka barakoa inateremka kidevuni.

Mimi kicheko hakikunijia. Baba mdogo alinenepa hivyo hivyo, akaanguka shambani jembe likiwa mkononi, na hakuamka. Kila nikimtazama Mzee namwona yeye. Niliogopa vibaya sana.

Basi nikatangaza vita. Nikamnyima chapati, nikampa chai ya rangi bila sukari, nikamkatia kabeji. Mama akawaka.

"Wewe umetoka taunini kuja kuniaibisha? Watu waseme bwanangu analala njaa na maziwa yamejaa ndoo?"

Mzee mwenyewe hakuteta. Alikula vijiko viwili vitatu, akasukuma sahani. Hata chapati ambayo Mama alimfichia chini ya sinia aliiacha ikakauka. Na bado mwili uliongezeka. Viatu vilimkataa, akahamia akala, zile ndara za tairi. Kutoka chumbani kwenda dukani, mwendo wa kurusha jiwe, ilibidi aketi juu ya gunia avute pumzi. Nikajiuliza, mtu asiyekula ananenepa na nini?

Asubuhi moja ukanda wa akala ulimbana, nikapiga magoti kuulegeza. Kidole gumba changu kikazama mguuni pake kama kwenye unga uliokandwa. Nikakitoa. Shimo likabaki pale pale.

"Woi! Mama, njoo uone. Huu si mwili. Ni maji!"

Mama akabonyeza mguu wa pili. Shimo. Akaketi sakafuni na leso yake. Nikasema twende hospitali, ndipo aliporuka.

"Hospitali hapana!"

Nilijua anachoogopa, kwa sababu Soy nzima ilikiogopa. Tuliamini kwamba ukifika huko ukihema, unafungiwa karantini, na ukifa unazikwa mbio mbio na watu waliovaa nailoni nyeupe, bila hata wimbo mmoja.

"Nimzike mume wangu nikiwa nimesimama barabarani?"

"Na hapa utamzika ukiwa umesimama wapi?" Nilimfokea mama yangu.

Mzee alikuwa bado amenyoosha ule mguu. "Mficha maradhi kifo humuumbua," akasema polepole. "Niitieni gari."

Getini waliruhusu mgonjwa tu. Akaingia peke yake, akijishikilia ukutani, nasi tukarudi Soy na chakula tulichombebea. Kesho yake daktari akatupigia simu: moyo umechoka, maji yamejaa mwilini, wanayatoa kwa dawa. Kuanzia hapo kila jioni Mzee alipiga simu, na Mama hakusubiri hata salamu.

"Umepungua?"

Akisema amepungua, tunaweza kulala. Jioni moja alisema hajapungua, na ugali ukapoa mezani bila mtu kuugusa. Aki nilimlilia Mungu siku hiyo.

Siku aliporuhusiwa, gari lilimwacha kando ya barabara. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, koti linaning'inia, suruali ameifunga kwa kamba. Majirani walisimama mbali nyuma ya ua, wakinong'ona kwamba huyo sasa ni kwisha. Mama alitoka dukani, akaitazama ile mifupa ikipanda njia yetu kwa miguu yake yenyewe, bila kuketi popote, mpaka mlangoni. Akapiga vigelegele. Hakuna aliyemwitikia. Akapiga tena, na tena, peke yake, mpaka sauti ikamkauka.