Bomba la Moshi la Sipriani

Asubuhi moja ya mwaka 1997 mashine ya kusaga ya Sipriani haikunguruma, na Mjimwema yote ikawa kimya. Mkewe, Ludovika, aliketi kitandani akatega sikio. Miguu yake ilikuwa imepooza mwaka wa tatu sasa, na mlio wa ile injini ya dizeli ndio uliomwambia kila siku kwamba mumewe yu mzima. Leo haukusikika, akajua moshi hatimaye umembana kifua.

Alilia hadi saa saba, Sipriani alipoingia, mweupe kwa unga, akipiga mluzi.

"Nilishakuzika, baba Devota!"

"Unanizika na chakula sijala? Ni umeme, mama, ule masista wanaouzalisha kwenye maporomoko. Jana si nilikwambia wanaunganisha?"

"Hukuniambia kwamba hauna sauti."

"Hauna sauti, hauna moshi. Nimesaga magunia sita, sijakohoa hata mara moja."

Ludovika akafuta machozi. Miaka mingi alikuwa ameomba kikohozi kile kiishe.

Kesho yake Sipriani alifungua bomba la moshi la injini ya zamani, akalitundika nje ya mashine. Kila alipomaliza gunia alitoka na spana, akaligonga mara tatu.

"Mzee, unaita watu misani?" wateja walimtania.

"Namwita mke wangu."

Aligonga hivyo miaka tisa, mpaka Ludovika alipofariki. Siku hizi Sipriani anaishi Ruhuwiko kwa binti yake Devota, na bomba liko chini ya kitanda chake.