Kibali Kilichokata Jina la Mfugaji

Juzi, katika ofisi moja hapa Kilosa, nilikuwa kwenye foleni nyuma ya mzee mfugaji. Alikuwa amerudishwa kutoka kizuizi cha barabarani Mikumi kwa sababu kompyuta ililikata jina lake kwenye kibali cha kusafirisha ng'ombe. Ng'ombe wenyewe walikuwa nje, juu ya lori, wanachomwa na jua.

"Binti, jina langu limekatwa mkia tena!"

"Nivumilie, baba. Kosa nimeshalisahihisha, lakini mashine inatoa lilelile."

Binti huyo ndiye fundi wa programu. Akaandika upuuzi mstari mzima katikati ya sehemu aliyoirekebisha, akaiamuru mashine iunde programu upya. Mashine ikaunda bila kulalamika hata kidogo, ilhali upuuzi ule ulipaswa kuikwamisha. Binti akapiga makofi.

"Kumbe hainisomi! Inachukua sehemu ile ya zamani, iliyowekwa humu mwaka jana."

Akafuta upuuzi wake, akaiagiza mashine ianze kutafuta kwenye faili alizozirekebisha yeye kabla ya kwenda kwenye zile za zamani. Jina likatoka zima. Mzee akalifuata kwa kidole mpaka herufi ya mwisho, akashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja sana, mwanangu," akatimua mbio kuelekea lorini.

Jamani, mimi mchekeshaji wa jukwaani nakiri: ukitukana ukumbi mzima na asinune hata mmoja, usijisifu, hawakusikii. Wengine tungeendelea kusahihisha mpaka ng'ombe wafe. Asante, binti, kwa kuharibu kwanza ili ujue kama kuna anayekusoma.